Mstari wa Chaki

Ratiba ya nyumba ile haikuandikwa kwenye karatasi. Ilichorwa ukutani, juu ya meza ya chakula, kwa mkono wa baba mwenyewe. Alikuwa fundi wa mabango, mtu wa kuandika "Duka la Dawa" na "Hapa Si Njia" kwa herufi ambazo mzee asiye na miwani alizisoma kutoka ng'ambo ya barabara, na hakutaka watoto wake waongozwe na vikaratasi vya kupeperuka. Siku saba alizipanga juu, watoto watatu upande wa kushoto. Mstari wa Mikono, mwana wa kati, golikipa wa miaka kumi na miwili, aliupaka kijani. Mstari wa Kibata, kitinda mimba wa miaka minane ambaye daktari alisema aogelee ili kifua chake kifunguke, aliupaka buluu. Ilikuwa rangi ya mafuta, isiyojua maji wala sabuni.

Mstari wa binti mkubwa, ambaye nyumba nzima ilimwita Dada, hata waliomzaa, ulikuwa wa chaki.

Hakukuwa na ubaya ndani yake. "Mpira una uwanja wake na saa zake," Fundi alieleza siku aliyochora. "Bwawa nalo lina mlango na mlinzi. Lakini mbio? Mbio ni miguu na njia. Dada tutamwandika kwa chaki, tukitaka kumsogeza tumsogeze." Watoto walicheka, na Dada akacheka nao.

Asubuhi ya Jumatatu ile mambo yalikwenda kama yalivyokwenda kila siku.

"Dada, miwani yangu ya maji."

"Imo ndani ya kiatu chako cha kushoto."

"Dada, glavu."

"Ziko dirishani. Usizikunje, bado mbichi kidoleni."

"Dada, Mikono amekula mkate wangu."

"Mikono, rudisha. Kilichobaki rudisha."

Fundi alikunywa chai yake akiwatazama, moyo umemjaa. Mkewe alikuwa ameondoka tangu saa kumi na moja kwenda kufua mashuka ya hospitali, na nyumba bado ilikuwa inakwenda kama saa ya ukutani. Wangapi walipewa watoto wa namna hii? Kila alfajiri, akiwa bado kitandani, alisikia mlango wa nyuma ukilia na nyayo za Dada zikitoka, naye alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kumpa mtoto anayekwenda kufanya mazoezi bila kusukumwa.

Na mazoezi yalihitajika. Jumamosi ya wiki iliyofuata ulikuwa mchujo. Wasichana wanne wa kwanza katika mbio za mita mia nane wangechukuliwa na shule ya michezo, wasome huko, walale huko, wafundishwe na watu waliozijua mbio. Mwisho ni miaka kumi na mitano. Dada alikuwa nayo, na baada ya miezi mitatu angeipita. Mlango ule ukifungwa, umefungwa.

"Bwawa leo wamesogeza mpaka saa kumi na moja," Fundi alisema. "Utamsubiri mdogo wako, eti?"

Dada alikuwa anamsuka Kibata, vibanio vitatu mdomoni. "Mm," alisema.

Fundi akanyanyuka, akafuta kwa kidole gumba lililokuwa limeandikwa kwenye mstari wa chaki, akaandika *alfajiri*. Akajipangusa kidole kwenye suruali, akaenda kazini.

Kabla ya adhuhuri mwalimu wa mbio alikuja karakana. Alikuwa mama wa makamo, mkavu, kipenga shingoni hata sokoni. Fundi alikuwa juu ya ngazi akimalizia bango la kinyozi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Shuka, Fundi, kazi yangu haisemewi hewani."

Akashuka. Mwalimu alitaka namba za wakimbiaji, kwenye vitambaa vya kubandika kifuani, moja hadi ishirini, nyeusi, zisomeke kutoka jukwaani.

"Ijumaa utazikuta zimekauka," Fundi alisema. "Na kwa kuwa ni wewe, ya binti yangu nitaitia kivuli kidogo, ing'ae kuliko za wenziwe."

"Binti yako yupi?"

"Mwalimu nawe kwa mzaha. Mwanafunzi wako, yule mrefu."

Mwalimu hakucheka. Alimtazama kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuingiza mguu. "Fundi, yule mtoto simwoni wiki ya saba hii. Nilidhani mmemhamisha."

"Anakimbia alfajiri."

"Na nani?"

"Peke yake."

"Mia nane haifundishwi peke yake. Kiwiko cha mwenzako ndicho kinachokufundisha." Akakigusa kipenga chake. "Nilimwita mara mbili. Akaniambia nyumbani kuna ratiba. Nikaona wazazi wamekwisha amua. Ishirini hao ndio niliobaki nao."

Fundi alicheka, na kicheko kikabaki peke yake pale karakana. Akachukua kopo la rangi, akaliweka chini, akalichukua tena.

"Basi tufanye ishirini na moja. Na zote nitakuchorea bure."

"Usininunulie namba kwa rangi," Mwalimu alisema, si kwa ukali. "Kazi yako nitailipa. Mtoto mlete, namba atapewa kama wenzake. Lakini nakuambia mapema: uwanja haumwonei mtu huruma. Siku kumi na mbili haziwezi kurudisha wiki saba."

Alipoondoka, Fundi alipanda ngazi kumalizia bango. Alijikuta ameandika "Kinyoz" na kuacha hapo. Akashuka, akafunga karakana jua likiwa bado kali.

Bwawani hakuwahi kufika hata siku moja. Alilizunguka kwa nje ya ua wa waya akitafuta mlango, na ndipo alipomwona. Dada alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji, mifuko miwili ya michezo ubavuni, daftari magotini. Alikuwa anaandika. Lakini chini ya benchi visigino vyake vilikuwa vinapanda na kushuka, kimoja na kingine, kwa mwendo wa haraka ulio sawa, na ilionekana hakujua kama vinafanya hivyo.

Alipomwona baba yake alisimama upesi hata kalamu ikaanguka. "Baba? Mama ana nini?"

"Mama hana kitu. Kaa."

Wakakaa. Ndani ya maji watoto kumi walikuwa wakipiga miguu, na Kibata alijulikana kwa kofia yake nyekundu.

"Mwalimu wako alikuja karakana," Fundi alisema.

Dada aliokota kalamu, akaifuta vumbi, akaifunika.

"Alfajiri huwa nasikia mlango."

"Ni mimi."

"Unakwenda wapi?"

"Uani, kuanika. Mikono ana jezi moja tu ya mazoezi, isipoanikwa alfajiri haikauki. Halafu nachemsha maji ya kifua ya Kibata. Halafu chai. Halafu nawaamsha." Aliyataja bila lawama, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, baba. Mara ya kwanza ulisema tutaona. Mara ya pili ukanisogeza Alhamisi. Halafu Alhamisi Mikono akaongezewa mazoezi, na Kibata hawezi kukaa nyumbani peke yake." Akaelekeza kalamu mlangoni. "Na hapa mlinzi hakubali mtoto aingie majini bila mkubwa wake kukaa kando. Kila mmoja alikuwa na lake lisilosogea. Nikaona langu ndilo linalosogea."

Fundi alivitazama visigino vya binti yake. "Bado unataka kukimbia?" aliuliza.

Dada aliyageukia maji.

"Nataka," alisema, kwa sauti ndogo ya mtu anayekiri kosa.

Mkewe alirudi saa mbili, vidole vimekunjamana kwa sabuni. Alikula kimya, na watoto walipokwenda chumbani Fundi alimweleza yote, tangu namba ishirini hadi benchi la saruji. Alieleza kwa hasira, maana hasira ndiyo iliyokuwa karibu. Mwalimu angemtumia ujumbe. Mtoto angepaza sauti. Shule gani hii isiyotafuta mtoto wiki saba?

Mkewe alikusanya sahani. "Mimi nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Mimi ni dobi, mume wangu. Nguo ya mtu anayekimbia naijua hata gizani. Za Mikono ukizifungua unakohoa. Za Dada zilikuwa zinakuja kapuni safi, zimekunjwa. Mwezi na nusu, fulana ya mbio haina jasho."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Akaziweka sahani chini, moja juu ya nyingine, polepole. "Nilikuwa narudi nakuta watoto wameoga, wamekula, madaftari yamepangwa. Nilichoka. Kila siku nikasema kesho nitauliza, na kila kesho nikalala. Nilinunua usingizi wangu kwa miguu ya mtoto. Mungu anisamehe, maana yeye mtoto hata hajui kama kuna la kusamehe."

Fundi aliingia uani, akarudi na kopo la rangi nyekundu na brashi, akapanda kiti mbele ya ratiba.

"Unafanya nini?"

"Namwandika kwa rangi."

"Ukuta hauna kosa," mkewe alisema. "Hiyo rangi haitakaa bwawani kumtazama Kibata. Kesho kutwa nani atakaa?"

Brashi ilikuwa imekwisha chovywa. Tone moja likadondoka sakafuni. "Mimi," alisema.

"Na karakana?"

"Nitafunga saa nane."

"Na hao wenye mabango?"

"Watasoma ya zamani."

Mkewe alitabasamu kidogo, tabasamu la kuchoka. Fundi aliteremka kitini bila kuchora kitu. Wakapiga magoti kando ya meza kama desturi yao, na usiku huo yeye ambaye sala zake zilikuwa ndefu hata watoto wakasinzia, alisema maneno matatu tu: "Tupe siku, Bwana." Akaona haya kuongeza.

Siku walipewa, lakini hazikuwa nyingi.

Jumatano Fundi alichukua mifuko miwili mlangoni kwa haraka, akampa kila mtoto wake. Bwawani Kibata alifungua mfuko akatoa glavu mbili kubwa za golikipa. Mlinzi aliinama akazitazama.

"Mzee, huyu anaogelea au anadaka?"

Upande wa pili wa mji, Mikono alikuwa amesimama golini na miwani ya maji mkononi, wenzake wakimuuliza kama leo mvua itanyesha golini tu. Jioni alirudi amenuna. "Dada hajawahi kukosea mifuko," alisema.

"Dada hayupo," Fundi alimjibu.

"Yuko wapi?"

"Yuko kwenye mambo yake."

Mikono alifikiri. "Dada ana mambo gani?" aliuliza, na hakuuliza kwa ubaya.

Dada alirudi magharibi akichechemea, midomo mikavu. Siku ya nne alitapika kando ya uwanja, na kesho yake akaenda tena. Mama alimkanda mashavu ya miguu kwa maji ya moto. Fulana yake sasa ilikuja kapuni imelowa, na mama aliishika muda mrefu kabla ya kuitia majini. Hakuna aliyemsikia Dada akisema anaumwa. Alichouliza kila jioni, kabla hata ya kuvua viatu, ni kama Kibata amekunywa maji yake ya kifua na kama jezi imeanikwa. Mara nyingi haikuwa imeanikwa. Basi aliinuka, akaianika.

"Acha, nitafanya mimi," Fundi alikuwa akisema.

"Nimekwisha kushika, baba."

Jumamosi mama aliomba ruhusa kazini, akakatwa siku yake. Wakaenda wote wanne, wakakaa safu ya tatu ya jukwaa. Mikono alikuwa na mechi saa nane, si mbali na pale, na alikuwa amevaa kabisa jezi yake chini ya shati. Ilikuwa mara yao ya kwanza kumwona Dada uwanjani. Hilo lilimpata Fundi ghafla, akiwa anamsogezea Kibata mwavuli: mechi za Mikono alizihesabu kwa idadi ya magoli, na binti yake hajapata kumwona hata akianza mbio.

Wasichana walipangwa. Ishirini na moja alisimama pembeni kabisa, mrefu, namba imekaa sawa kifuani. Fundi hakuitia kivuli wala nakshi. Aliiandika kama zile nyingine.

Kipenga kilipolia alitoka vizuri. Mzunguko wa kwanza alikuwa wa tatu, mgongo umenyooka, hatua ndefu zisizo na kelele, na Kibata alisimama juu ya benchi.

"Kumbe Dada anajua hivi?"

"Kaa, unawaziba watu," mama alisema, lakini yeye mwenyewe alikuwa amesimama.

Mzunguko wa pili, upande wa mbali, Dada alimpita mmoja akawa wa pili. Mikono alianza kupiga kelele kwa sauti yake ya golini. Fundi hakupiga kelele. Alikuwa ameufumbata mkono wa mkewe, midomo ikicheza bila sauti, na kama Mungu anawasikia wasiosema, basi alimsikia.

Kona ya mwisho msichana mmoja alikuja ubavuni kwa Dada. Dada akajaribu kumfuata, na ndipo ilipoonekana. Miguu ilijua la kufanya, pumzi haikuwapo. Mabega yalipanda. Kichwa kikaanza kuyumba huku na huku kama cha mtu anayekataa. Akapitwa, akawa wa tatu. Akapitwa tena, wa nne. Hatua kumi kabla ya mstari, binti mfupi wa namba tisa akamchomokea kwa nyuma, wakaingia karibu pamoja, kifua na kifua, na kifua kilichotangulia kilikuwa cha namba tisa.

Wa tano.

"Huyo ishirini na moja ana mguu," alisema mwanamume mmoja safu ya mbele yao, akimwambia mwenzake. "Tatizo mvivu wa mazoezi. Watoto wa siku hizi wanataka kula bila kupika."

Mama alitaka kuinuka. Fundi alimshika. Angesema nini? Kwamba si mvivu, kwamba alikuwa anapika?

Mwalimu aliwafuata chini ya jukwaa, saa ya kupimia mbio mkononi. Alimwonyesha Fundi kioo chake, kisha akakificha, kana kwamba ameonyesha kitu kisicho cha heshima. "Nilitamani niwe nimesoma vibaya," alisema. "Angekuwa na wiki tatu tu, Fundi. Tatu. Sasa hivi ningekuwa naandika jina lake." Akampa mkono mama, akaenda kuwaita wale wanne, ambao walikuwa wameanza kukumbatiana.

Dada alikuja akitembea polepole kwenye nyasi, mikono kiunoni, namba bado kifuani. Uso wake haukuwa na kitu. Kibata alimkimbilia na chupa ya maji; Dada akainywa nusu, akamrudishia, akamfunga kamba ya kiatu iliyokuwa imelegea.

"Nimekuwa wa ngapi?" aliwauliza, ingawa alijua.

"Wa tano," Mikono alisema, na sauti ikamkatika. Alikuwa akitazama chini.

"Sawa." Dada alimgusa bega. "Mechi yako saa nane. Glavu umebeba?"

Mikono alitikisa kichwa. Alikuwa amezisahau nyumbani. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu wa kumkumbusha.

"Basi mimi natangulia kuzichukua. Mama akupeleke uwanjani, tutakutana mlangoni. Baba abaki na Kibata, jua likipungua ampeleke nyumbani. Maji yake ya kifua yamo kwenye chupa ya buluu." Alikuwa amekwisha anza kubandua namba kifuani, pini moja baada ya nyingine, akizichoma kwenye ukosi zisipotee. "Nikikimbia nitawahi."

Neno hilo liliwafikia wote. Hata yeye alionekana kulisikia.

"Glavu nitazifuata mimi," Fundi alisema. "Wewe kaa."

"Hujui zilipo, baba."

"Nitazitafuta."

"Utachelewa, naye atakosa mechi."

"Nikichelewa atadaka kwa mikono mitupu," Fundi alisema. "Ndilo jina lake. Kaa, mwanangu."

Alimsogezea nafasi kwenye benchi la chini ya jukwaa, kati ya mama yake na Kibata waliokuwa wamekaa. Dada aliitazama ile nafasi. Alibaki amesimama, ameshika kitambaa cha namba kwa mikono miwili.

"Nikikaa nitalia," alisema.

Mama alinyoosha mkono, akamshika kiganja, hakumvuta.

"Kaa," alisema.

Dada akakaa.